Mama Pumua na Mashine ya Hodi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibandiko kifuani, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Wagonjwa walimwita Mama Pumua, kwa kuwa hilo ndilo neno walilolisikia kwake kuliko mengine yote. Alikuwa muuguzi hospitalini, chumba cha mpira. Ukiingia humo unalazwa ubavu, unang'atishwa kipande cha plastiki chenye tundu, halafu daktari anakupitishia kooni mpira mweusi wenye kamera kwenye ncha, mpaka tumboni. Daktari anatazama skrini. Anayekutazama wewe ni Mama Pumua peke yake. Mkono wake mmoja uko shavuni mwako, wa pili umeushika wewe na unaubana kama nguo inayokamuliwa, naye anakunong'oneza sikioni: "Pumua baba, pumua kwa pua. Mate yaache yatoke, usione haya. Hapa mate yanamtoka kila mtu, hata mabosi."

Tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Walikuwepo watu waliogoma kabisa kumeza mpira mpaka wahakikishiwe kwamba Mama Pumua yuko zamu. Sokoni alikutana na wanaume wazima, ndevu hadi kifuani, wanampisha kwenye foleni na kumwamkia kwa adabu kama watoto wa shule. Alijitia hamnazo, eti haoni. Aliona sana, na roho yake ilisuuzika. Kuna watu wanapenda kusifiwa na kuna watu wanapenda kuogopwa. Yeye alipenda kuhitajiwa.

Wengi waliopita mikononi mwake walikuwa wagonjwa wa ini wa muda mrefu. Daktari aliwaeleza kwa lugha ya kawaida: ini likijaa makovu linakuwa gumu, na damu inayotoka tumboni kwenda kwenye ini inakosa njia. Inasukumana, presha inapanda, bandama inavimba, na mishipa midogo ya kwenye njia ya chakula inatuna kwa kubebeshwa mzigo usio wake. Mmoja ukipasuka, mtu anatapika damu, na si wote wanaowahi kufika hospitali. Kwa hiyo wanamezeshwa mpira ili mishipa hiyo ionekane mapema, kabla haijaleta balaa.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mume wake mwenyewe.

Mume alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Virusi vya homa ya ini alikuwa navyo tangu utotoni. Baba yake alikuwa navyo pia, na alikufa akitapika damu kwenye beseni, na aliyelishika beseni lile alikuwa Fundi, kijana mdogo wakati huo. Hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Kwa kweli hakupenda kuzungumzia lolote. Ukimwambia Fundi unampenda, anakuuliza kama umefunga mlango wa uani. Njiani alitembea mbele, mke nyuma, si kwa dharau bali kwa mazoea ya mtu anayewaza mbao. Watoto walikuwa wamekua na kwenda zao, na nyumba ilikuwa kimya hata kijiko kikianguka jikoni ni habari.

Lakini siku ya mpira! Siku hiyo Fundi alikuwa mtu mwingine. Alimshika mkewe mkono kwa mikono miwili. Alimtazama machoni kuanzia mpira unapoingia mpaka unapotoka, macho yamejaa machozi, kana kwamba duniani hakuna mtu mwingine ila yeye. Kwenye teksi ya kurudi nyumbani alimwegemea begani, dawa ya usingizi ikiwa bado haijamwisha vizuri, na mara moja alisema, "Usingekuwepo wewe ningefanyaje?" Mwenyewe hakukumbuka kulisema. Mama Pumua hakulisahau, na kila kipimo kilipokaribia alijikuta anaimba huku anafua. Mwenzako anangoja mwaka mpya, yeye anangoja mumewe akabwe na mpira. Alijua si jambo la kumwambia mtu.

Ndipo ikaja mashine.

Iliwekwa chumba cha jirani, kilichokuwa stoo ya mashuka, na pamoja nayo akaja binti wa kuiendesha, mdogo, mwenye sauti ya upole na viatu visivyotoa mlio. Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Unalala chali, mkono wa kulia umeuweka nyuma ya kichwa, unapakwa jeli ya baridi ubavuni, na binti anakuwekea kidude katikati ya mbavu. Kidude kinakugonga taratibu, tok, tok, tok. Basi. Kinapima ugumu wa ini, na ukimgeukia upande wa pili anapima na bandama. Namba zikiwa za chini, na chembe za damu zile za kugandisha zikiwa za kutosha, daktari anaweza kusema kwa imani kwamba presha haijafika pabaya, na mtu anasamehewa mpira.

Fundi alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alikuja kumeza mpira kama kawaida, tumbo tupu tangu jana yake, na mkewe alikuwa ameshavaa gauni la kazi na glavu. Daktari akasema, "Mzee, hebu tuanze hapo jirani kwanza." Mama Pumua akabaki kasimama mlangoni. Akasikia tok, tok, na akamsikia mumewe, yule bubu wake, anasema kwa sauti ya uchangamfu, "Karibu, ndani kuna watu!"

Binti akacheka mpaka akashindwa kushika kidude. Tangu siku hiyo hospitali nzima ikaiita mashine ya hodi.

Fundi alitoka anafunga vifungo vya shati. "Namba nzuri," akamwambia mkewe. "Mpira hakuna." Akapanda basi akarudi kwenye karakana yake peke yake, na Mama Pumua akazivua zile glavu, safi kama alivyozitoa kwenye boksi.

Tuseme wazi, wivu ulimshika. Angekuwa na wivu na mwanamke mwenye wanja na marashi, angalau watu wangemwelewa. Yeye alikuwa na wivu na binti mwenye umri wa mwanawe, na baya zaidi, na kidude cha plastiki. Miaka yote ile ya ndoa alikuwa hajatupiwa utani hata mmoja, na hiyo mashine imetaniwa siku ya kwanza! Alipokutana na binti koridoni alijibu salamu yake nusu, nusu nyingine akaimeza. Benchi la chumba cha mpira likazidi kuwa tupu, la jirani likajaa, na watu wakawa wanatoka mle wanajifuta jeli huku wanacheka. Hakuna aliyetokwa na machozi. Hakuna aliyemhitaji.

Alikuwa na chupa ya chai. Zamani aliwapa waliomeza mpira, koo likishapoa, maana walikuwa wamefunga na njaa imewakaba. Sasa, kwa kuwa hao walikuwa wachache, akaanza kuwamiminia wa benchi la jirani wakiwa wanangoja zamu. Chai ya maziwa na mkate. Walimshukuru, na hiyo ilikuwa angalau kitu. Lakini siku moja binti akamwita pembeni.

"Mama, samahani sana. Hawa usiwape kitu kabla hawajaingia kwangu."

"Chai tu hiyo, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini mtu akila, damu inajaa kwenye ini, na mashine inalisoma gumu kuliko lilivyo. Namba inapanda bure, halafu daktari anamrudisha kwenye mpira bila sababu. Inabidi waje na tumbo tupu."

"Sawa, mwanangu," akasema Mama Pumua, na akafunga chupa yake. Lakini katika maneno yote yale, sikio lake lilikuwa limeshika kipande kimoja tu: anamrudisha kwenye mpira.

Hakuwa mtu mbaya kiasi cha kumchezea mgonjwa wa watu. Hao hakuwagusa tena. Alimgusa wa kwake.

Siku ya Fundi kupimwa tena ilipokaribia, binti alimkumbusha mkewe, "Mama, mwambie mzee asile." Alisema atamwambia. Asubuhi ya siku yenyewe alipoamka alikuwa na nia ya kumwambia kweli. Kisha akamkuta Fundi mbele ya kioo, anachana nywele. Fundi, ambaye huenda kwa wateja na unga wa mbao kichwani!

"Unajipamba?" akamuuliza.

"Naenda hospitali, si lazima niende kama jini," akajibu Fundi, na akaongeza, akicheka kidogo peke yake, "Leo nimemwandalia yule binti jibu jipya."

Kijiba cha roho kikampanda. Mama Pumua akaenda jikoni, akavunja mayai, akakaanga, akapaka siagi kwenye mkate na kujaza kikombe chai ya maziwa mpaka juu.

"Sitakiwi kufunga?" akauliza Fundi.

"Kwa mashine? Hiyo haina masharti. Kula."

Fundi akala. Kwa mambo ya hospitali alimwamini mkewe kuliko alivyoiamini futi yake ya kupimia.

Kilichotokea kilikuwa kilekile alichokitaka. Kidude kiligonga, binti akakunja uso, akagonga tena, akasogeza, akagonga. Jibu jipya la Fundi halikupata nafasi ya kutoka. Daktari akaitwa, akaangalia namba na kuilinganisha na ya mwanzo.

"Mzee, hujala kitu leo?" akauliza binti.

Fundi akamtazama mkewe. Na mkewe akajibu haraka, kabla mumewe hajafungua mdomo: "Hajala."

Fundi alinyamaza. Alidhani kuna utaratibu ambao mkewe ameukosea na hataki kugombezwa mbele ya watu, naye hakuwa mtu wa kumwaibisha mkewe. Daktari akashusha pumzi. Akasema namba imeruka sana, haipendi, na kwamba wiki ijayo Fundi arudi wachungulie mishipa kwa mpira. Mama Pumua akaandika miadi hiyo kwenye kalenda ya ukutani kwa mkono wake mwenyewe, na asikudanganye mtu, alifurahi. Alirudi nyumbani ameshapanga atavaa viatu gani.

Furaha hiyo haikumaliza hata wiki. Fundi hakusema neno kuhusu kipimo, lakini alianza kufanya vitu vya ajabu. Alimfundisha mkewe namna ya kubadilisha mtungi wa gesi, jambo ambalo siku zote alilifanya mwenyewe. Alimpeleka kwa fundi bomba akawatambulisha, kama watu wasiojuana. Randa yake nzuri, ile asiyoruhusu mtu aiguse, akampa mdogo wake, akasema mkono wake umechoka. Mama Pumua aliyaona yote na akajiambia ni uzee. Moyoni alijua si uzee, ila kila alipotaka kulifikiria alijikumbusha kwamba siku ya mpira imekaribia, na mikono miwili itamshika.

Mchana mmoja alirudi kutoka kazini akakuta jikoni kumejaa unga wa mbao. Sufuria zote ziko sakafuni. Fundi amepiga magoti juu ya meza, bisibisi mkononi, anafungua rafu.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Nashusha rafu."

"Kwa nini?"

"Ziko juu."

"Si ziko juu miaka yote?"

"Miaka yote nilikuwepo," akasema Fundi, na akaendelea kufungua skrubu.

Mama Pumua akakaa chini palepale, katikati ya sufuria. Rafu ya kwanza alikuwa ameshaimaliza. Ilikuwa usawa wa macho yake yeye, sawasawa kabisa, na hakumbuki kupimwa. Mtu huyu alikuwa anajiandaa kufa, na alikuwa anajiandaa kwa ajili ya yai la kukaanga.

"Ulikula," akasema.

"Nani?"

"Wewe, siku ile. Hukutakiwa kula. Ukila namba inapanda. Pengine ini lako liko vilevile."

Fundi akaweka bisibisi chini. Kwa upole akamfungulia mlango wa kutokea: "Ulisahau?"

Angeweza kuupita mlango huo na mambo yakaisha.

"Sikusahau," akasema. "Yule binti aliniambia. Nilikupa makusudi, na walipouliza nikadanganya."

"Makusudi ya nini?"

"Nilitaka umeze mpira." Alilisikia neno lenyewe likitoka, na lilikuwa na sura mbaya kuliko lilivyokuwa kichwani. "Siku ya mpira ndiyo siku unayonitazama. Siku nyingine zote unatazama mbao. Halafu ukaenda kule ukacheka, ukachana nywele, ukatunga na vichekesho. Mimi hujawahi kunitungia hata kimoja."

"Una wivu?"

"Ninao."

"Na yule mtoto?"

"Na yule mtoto, na mashine yake, na kila kitu kinachokufanya usinihitaji."

Fundi alishuka mezani. Hakupiga kelele, na Mama Pumua alitamani apige. Alipangusa mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Naliona lile beseni la baba kila nikifumba macho," akasema. "Tangu siku ile namba iliporuka." Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli, "Kwa hiyo miaka yote hiyo, mimi nakabwa na mpira, machozi yananitoka, wewe ulikuwa unafurahi?"

Mama Pumua alitafuta uongo. Alikuwa nao mwingi, kazi yake yote ilikuwa kuwaambia watu kwamba haiumi. Safari hii haukuja hata mmoja.

"Nilikuwa nafurahi," akasema. "Si kwa kuumia kwako. Lakini nilikuwa nafurahi."

Fundi akaichukua bisibisi yake, akatoka, akaenda karakana. Rafu ya pili aliiacha inaning'inia kwa skrubu moja, na tangu hapo wakawa wanapishana jikoni kama wapangaji.

Asubuhi iliyofuata Mama Pumua alikwenda kwa daktari kabla hajavaa gauni la kazi, akamwita na binti, akawaeleza yote bila kupunguza. Daktari aliwaka. "Ningempitishia mtu mpira kooni kwa sababu ya kifungua kinywa? Na wewe ndiye ungemshika mkono?" Akamwondoa chumba cha mpira mpaka wakubwa wakae waamue, akampeleka akakunje mashuka. Binti hakusema lolote la kumlaumu. Alimwambia tu, "Mlete mzee kesho, mama, mapema. Mimi nitampima wa kwanza." Wema ule ulimchoma kuliko ukali wa daktari. Hata wema wa mtoto huyu alikuwa anauonea wivu.

Kesho yake Fundi alikwenda na tumbo tupu, ametangulia mbele, mke nyuma. Hospitali akaingia kwenye chumba cha mashine bila kugeuka, na mlango ukafungwa. Mama Pumua akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, mikono mapajani. Alikuwa ametegemea kwamba kukiri kungeung'oa ule wivu na mizizi yake. Wapi! Tok, tok, ikasikika mle ndani. Fundi akasema jambo ambalo hakulisikia vizuri, binti akaangua kicheko, na Mama Pumua akahisi kijiba kilekile kinampanda kutoka tumboni mpaka kwenye masikio. Akashika ukingo wa benchi. Mama mmoja aliyekaa jirani akamuuliza kama anaumwa.

"Kidogo," akasema, na hakuinuka.

Mlango ulipofunguliwa, binti ndiye aliyetangulia. "Mama, imeshuka," akasema. "Imerudi palepale pa mwanzo. Bandama nayo nimeipima, haina shida, na damu yake ya wiki ile ilikuwa nzuri. Daktari amesema mpira hauhitajiki. Aendelee na vidonge vyake, tuonane baadaye." Akamgusa bega, akaita mgonjwa mwingine.

Fundi akatoka, anafunga vifungo. Akasimama mbele ya mkewe.

"Umefurahi?" akamuuliza.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile ambalo kila mke angelitoa, na machozi ya kulisindikiza yalikuwa tayari pia. Mama Pumua akayazuia yote mawili.

"Nusu," akasema.

"Nusu?"

"Utaishi, na hapo nimefurahi kweli. Nusu nyingine bado inauliza umemwambia nini yule binti mpaka akacheka vile."

Wagonjwa wa benchini waligeuka. Fundi hakuwajali. Alikuwa anamtazama mkewe usoni, mpira hakuna, dawa ya usingizi hakuna, haumwi popote, na hakuondoa macho.

"Nimemwambia nina mke mwenye wivu na mashine," akasema. "Inuka twende."

Mama Pumua akainuka. Fundi akamngoja mpaka akaokota mkoba wake, ndipo wakatoka pamoja.